Mkono Usiopaswa Kukandwa

Kama umewekewa kile kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega, na siku hizi mkono wa upande huo umeanza kukubana kwenye gauni, acha kusoma hapa. Nenda hospitali kwanza, ukirudi tutaendelea. Sisemi haya kukutisha. Mimi nilikaa na mkono wa namna hiyo siku kadhaa nikiuona umechoka tu na kazi, na nusura nisiwepo wa kukuandikia.

Nauza khanga na vitenge vya jumla hapa Kariakoo. Nimezaliwa Masasi, nikaolewa na Mchagga wa Kibosho anayeuza vipuri vya magari Mtaa wa Msimbazi. Tunaishi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, na zile ngazi nilikuwa nazipanda huku nimebeba mzigo na nagombana na mtu kwenye simu. Sokoni wananijua kwa mdomo. Nauza kwa mdomo, napatana kwa mdomo, na nilipoambiwa nina saratani ya titi nadhani kuna sehemu yangu iliyoamini kwamba hata hiyo nitaishinda kwa mdomo.

Titi la kushoto liliondolewa wakati wa joto kali la mwanzo wa mwaka. Kemo ya kwanza, ile dripu ya dawa za saratani, wakanipa kwenye mkono wa kulia, maana wa upande wa upasuaji haupaswi kuchomwa sindano. Mshipa ukaungua. Ulibaki mweusi na mgumu chini ya ngozi, na kila muuguzi aliyetafuta mwingine alinipapasa mkono akatikisa kichwa. Ndipo daktari akapendekeza poti. Ni kidude kama kizibo cha soda, kinafichwa chini ya ngozi, kina mrija mwembamba unaoingia kwenye mshipa mkubwa, na dawa zote zinapitia hapo. Waliniwekea upande wa kulia, na nilikipenda. Watu wakinikumbatia kanisani nawaambia taratibu jamani, nimebeba kizibo.

Waliniambia nikiona uvimbe au homa nirudi haraka. Hilo sikatai. Ila waliniambia wakati ndiyo kwanza natoka kwenye usingizi wa dawa, na nilichosikia mimi ni kwamba naruhusiwa kwenda nyumbani.

Sasa nikutambulishe kwa mama mkwe wangu, bibi yake binti yetu Neema. Alishuka kutoka Kibosho mara tu baada ya upasuaji, na mikungu ya ndizi za mtori, na nguo za kukaa muda mrefu. Ni mwanamke wa maneno machache, Mkatoliki wa rozari kila jioni, na katika ukoo wao wote hakuna mzazi ambaye hakupita mikononi mwake. Yeye ndiye anayekanda. Mwanamke akijifungua anaitwa, mzee akidondoka anaitwa, mtoto akiteguka anaitwa. Hata mimi nilipomzaa Neema alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikamtukana kimoyomoyo, lakini baada ya wiki nilikuwa natembea wima.

Mkono wa kushoto, ule wa upasuaji, ulipoanza kuwa mzito, mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimwonyesha mama jinsi ya kuupapasa polepole kuelekea begani. Mama alizoea kusema madaktari wa siku hizi hawajui mwili. Siku hiyo alirudi nyumbani akisema hospitali ile ina watu wenye akili. Kwa hiyo mkono wa kulia ulipovimba, hakuna aliyejiuliza mara mbili. Mkono umevimba, mkandaji yupo, maji yapo jikoni.

Ilikuwa masika. Maji ya mvua yalikuwa yanakaribia mlango wa duka, tukahamisha majora ya rafu za chini kuyapeleka juu, na mimi, niliyekatazwa kunyanyua mzigo, nilinyanyua. Kesho yake bega likawa linauma. Nikalaumu majora. Shemsa, jirani yangu anayeuza mashuka, ndiye aliyeona kwanza.

"Shosti, huo mkono vipi?" aliniuliza. "Mmoja unaenda gym, mwingine unabaki nyumbani?"

Tulicheka mpaka mteja akatuangalia. Nikarudi nyumbani nikavua gauni kwa shida, na mama akauona mkono kwenye mwanga wa dirisha. Akaugeuza, akaubonyeza, akasema umeingiwa na baridi ya mvua.

Jioni hiyohiyo akaleta beseni la maji ya moto yenye chumvi, taulo, na chupa ya mafuta ya mnyonyo. Huu hakuupapasa polepole. Aliukanda kama anavyokanda mzazi, kuanzia kiganjani hadi begani, kisha akazamisha kidole gumba kwapani na kukizungusha. Nilisikia maumivu mpaka kwenye meno. Nikamwachia mkono. Wasomaji walioolewa wataelewa bila kuelezwa. Ukiwa na mdomo unabishana na mume, unabishana na mwenye nyumba, lakini mama wa mume wako akiacha shamba lake, akafunga khanga kiunoni na kukaa mbele yako na beseni, unanyoosha mkono.

Akaendelea hivyo asubuhi na jioni. Mkono haukupungua. Ukawa na rangi ya zambarau kwenye vidole, mishipa ya buluu ikajitokeza kifuani kuzunguka poti, na asubuhi nilikuwa naamka uso umejaa. Mama aliiona ile mishipa akafurahi. Alisema uchafu unatafuta njia ya kutokea. Mume wangu, Prosper, aliuliza mara moja kama tusingeenda hospitali, mama akamjibu kwamba miadi yangu iko karibu tu, na yeye akarudi dukani kwake. Nilikuwa naogopa, lakini niliogopa zaidi kuonekana simwamini mama.

Siku moja ya Ijumaa nilitoka dukani mchana kwenda kulala kidogo. Kufika ghorofa ya pili pumzi ikakata. Haikupungua, ilikata, na upande wa kulia wa kifua ukachoma kila nilipojaribu kuvuta hewa. Nilikaa kwenye ngazi na watu wakapita. Jirani mmoja akanisalimia, nikashindwa kumjibu, akaondoka akidhani nimemnunia. Nilipanda zile ghorofa mbili zilizobaki kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mwanamke mzima, na nilipofungua mlango nikakuta beseni linatoa mvuke na mama ameshakaa.

"Kaa, maji yasipoe," alisema.

Nilimwambia leo hapana, siwezi kupumua. Akasema ndiyo maana anataka kunikanda, kifua nacho kimeingiwa. Akanyoosha mkono kunishika.

"Mama, usiniguse."

Hakuna njia ya heshima ya kumwambia mama mkwe maneno hayo. Alirudisha mkono wake taratibu akauweka mapajani. Prosper alikuwa mezani anakula, akaweka kijiko chini.

"Mama Neema, umemwambia nini mama?"

Nikamwambia kama atanipeleka hospitali anipeleke, kama hanipeleki nitashuka mwenyewe nipande bajaji, na nikifia kwenye ngazi atapata muda wa kutosha wa kuniuliza nimemwambia nini mama. Sikuwa na pumzi ya kusema yote hayo kwa mkupuo, nilisema maneno mawili napumzika, mawili napumzika. Nafikiri hilo ndilo lililomwinua, kwa sababu alikuwa hajawahi kunisikia nikisema polepole.

Mama alikuja nasi bila kualikwa. Kwenye bajaji alikaa kulia kwangu, amejibana kwenye ukingo ili bega lake lisinifikie.

Mapokezi tuliambiwa si siku ya kliniki yangu, na mchana wa Ijumaa wengi wanaondoka, tuje Jumatatu. Prosper ni mtu mstaarabu, alikuwa ameshaanza kusema asante. Mimi nikakaa kwenye benchi nikasema sitoki. Pale kwenye benchi napajua vizuri, nimekaa pale miezi. Televisheni isiyo na sauti, akina mama waliofunga vichwa kwa mitandio, baba mmoja mwenye boksi la juisi ambaye hulala akiwa ameketi wima. Siku nyingine huwa nawachangamsha. Siku hiyo nilikuwa nahesabia hewa, nikivuta kidogokidogo kama mtu anayekunywa chai ya moto, na nikijiuliza Neema aliyeko shule ya bweni ataambiwa na nani.

Aliyeniokoa ni Sista Tekla, muuguzi wa chumba cha kemo. Alikuwa amebeba mkoba, anaondoka kwenda kwake. Akanipita, akasimama, akarudi nyuma. Aliitazama shingo yangu, si uso. Akafungua kifungo cha gauni bila kuniomba ruhusa, akaona ile mishipa, akaweka mkoba wake sakafuni.

"Huu mkono mnaukanda?" aliuliza.

Nilihisi mama amekakamaa pembeni yangu. Ningeweza kumtaja, na wallahi kwa jinsi nilivyokuwa na hasira nilitaka kumtaja.

"Tumeukanda," nilisema. "Nyumbani."

"Kuanzia sasa mtu asiuguse. Hilo ni bonge la damu iliyoganda. Likikatika linaenda kwenye mapafu, na huko kuna watu hatuwawahi."

Alisema bila ukali, ameshageuka kutafuta kiti cha magurudumu. Lakini mama alisikia kila neno.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kwa wengine na polepole kwangu. Walinipima mkono na shingo kwa altrasaundi. Kijana wa mashine alikuwa anazungumza nami vizuri, ghafla akanyamaza, na mtu yeyote aliyeugua muda mrefu anaujua ule ukimya. Wakanipeleka kwenye mashine nyingine kupiga picha ya kifua. Daktari wa zamu alipokuja, Prosper alikuwa amenishika mguu kwa sababu hakujua sehemu gani nyingine ya mwili wangu inaruhusiwa kushikwa. Mama alisimama mlangoni.

Daktari alisema damu imeganda kuzunguka ule mrija wa poti, bonge limeziba mshipa kutoka kwapani hadi shingoni, na kipande kimeshafika kwenye pafu la kulia. Ni kidogo, alisema, na nimewahi. Nikamuuliza kama kimefika huko kwa sababu ya kukandwa. Akasema hakuna anayeweza kujua, mabonge hukatika hata yenyewe, na saratani pamoja na mrija ndani ya mshipa vinatosha kugandisha damu. Ila tusikande tena.

Nilipogeuka mlangoni, mama hakuwepo.

Nikwambie ukweli wa usiku ule wodini, maana vitabu vya hospitali haviuandiki. Nilikuwa nimeshajizoeza kuogopa saratani. Mimi nayo tulikuwa tumefahamiana. Lakini kufa kwa sababu ya kile kizibo nilichokuwa nakitania, nikiwa nusu ya safari ya kemo, kulinitia hasira. Nilimkasirikia daktari aliyekiweka, nikamkasirikia Prosper na ustaarabu wake, na mama nilimkasirikia zaidi ya wote. Nilikuwa namkasirikia na huku natamani aje anisugue mgongo.

Nilidhani watakitoa. Daktari wangu alipokuja Jumatatu akasema poti inabaki, maadamu bado inafanya kazi tutaihitaji, na mishipa yangu mingine imeshakufa. Lakini kemo inasimama mpaka bonge litulie, na siku ya kurudi wataijaribu. Isipofanya kazi tutaanza upya kutafuta njia. Nilimwelewa vizuri. Kila wiki isiyo na kemo niliiona ni wiki niliyoipa saratani bure.

Nilirudi nyumbani na sindano za kuzuia damu isigande, asubuhi moja na jioni moja, chini ya ngozi ya tumbo. Prosper ndiye aliyefundishwa kunichoma. Mtu anayefungua gia boksi ya Fuso kwa mikono yake alikuwa anashika kasindano kama pini kwa ncha za vidole, anafumba jicho moja, ananiuliza kama niko tayari mpaka nakuwa siko tayari tena. Tumbo likajaa madoa ya zambarau. Nilipopiga mswaki fizi zilitoa damu, nikabadilisha mswaki nikachukua laini wa watoto. Nilikatazwa kunyanyua mizigo na safari hii nilitii. Shemsa alinisimamia duka lote kipindi hicho pamoja na lake, na kila jioni alipanda zile ngazi kunieleza nani amenunua nini na nani ameachwa na mume.

Mama hakunigusa tena. Mtori aliupika kila siku, akaweka bakuli juu ya stuli, akarudi nyuma hatua moja kama anayemwekea chakula mgonjwa wa kuambukiza. Prosper akishika sindano, yeye anatoka nje kwenye ngazi. Nikitaka kuinuka anamwita mtu mwingine aniinue. Tulisalimiana, tuliulizana habari, nyumba ilijaa adabu mpaka ikawa haikaliki. Prosper alinieleza kwamba mama yake halali, anasema anataka kurudi Kibosho, na ameshaulizia basi. Aliponieleza hivyo alinitazama akisubiri niseme neno. Sikumwomba abaki. Nilikuwa bado sijamaliza hasira yangu, na ninaiandika hapa ili wewe uliye na hasira na mtu aliyekuuguza usijione mbaya peke yako.

Hakuondoka. Kila asubuhi nilimkuta jikoni anamenya ndizi.

Mvua zikaisha. Mkono ukaanza kupungua kidogokidogo, nikavaa gauni langu la zamani, pumzi ikarudi hadi ghorofa ya tatu kabla ya kupumzika. Siku ya kuijaribu poti Prosper alinisindikiza hadi mlangoni mwa chumba cha kemo. Sista Tekla alisafisha ngozi, akaingiza sindano, akasukuma maji ya chumvi. Yakaingia. Kisha akavuta bomba la sindano taratibu kuona kama damu inarudi, na hakuna kilichokuja. Akaniambia nigeuze shingo. Hakuna. Akaniambia nikohoe. Nikakohoa. Akaniambia niinue mkono juu ya kichwa, nivute pumzi, niishikilie. Nilikuwa natazama lile bomba tupu nikifikiria mishipa yangu iliyoungua na wiki zilizopita bila dawa. Sista alivuta tena, akasubiri, na uzi mwembamba wa damu ukaingia kwenye bomba, ukafuatwa na damu yenyewe.

"Haya," alisema Sista Tekla, "tunaendelea."

Nililia pale kitandani, na dripu ikaanza kushuka.

Kemo ya mwisho iliangukia kipupwe, asubuhi zile za Dar ambazo watu huvaa masweta na kujidai wanahisi baridi. Prosper alikuwa na mzigo wa vipuri wa kutoa bandarini, kwa hiyo aliyenisindikiza ni mama. Tulikaa benchi moja, mkoba wake katikati yetu. Alikuwa anasali kimya, vidole vinahesabu rozari ndani ya mfuko wa sweta.

Mbele yetu alikaa binti ambaye nywele zake ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kunyonyoka. Bandeji ya poti ilikuwa bado inaonekana kwenye shingo ya blauzi. Mkono wake wa upande huo ulikuwa umejaa hadi vidoleni, na mama wa makamo aliyekuja naye, shangazi yake kama nilivyokuja kujua, aliuweka mapajani mwake akiuminya kutoka kiganjani kwenda juu, kwa nguvu, kwa upendo wote, huku akimbembeleza avumilie. Binti alikuwa ameuma midomo. Nikauona uso wangu wa masika.

Nilifungua mdomo niseme, na mimi mwenye mdomo maneno hayakuja. Nilifikiria aliyekaa pembeni yangu, nikaona nikimkataza yule shangazi ni kama namsema mama upya mbele za watu.

Mama aliinuka. Alivuka ile nafasi kati ya mabenchi, akainama, akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule shangazi, nao ukaacha kuminya.

"Mama, naomba uuache huu mkono," alisema. "Usiuminye tena. Mimi nilimkanda huyu mwanangu hivyohivyo, mpaka damu iliyoganda ikaingia kwenye pafu lake. Nilikaribia kumuua. Nilijua namsaidia."

Alisema kwa sauti ya kawaida, chumba kizima kikasikia. Baba wa boksi la juisi alifumbua macho. Tangu masika, ndani ya nyumba yetu, hakuwahi kusema hata nusu ya maneno hayo, si kwangu, si kwa mwanawe. Shangazi aliuachia mkono wa binti kama anayeweka chini yai. Mama akasimama wima, akauliza pale mapokezi Sista Tekla yuko wapi, na alipoambiwa asubiri akasema hasubiri, akasukuma mlango wa chumba cha kemo akaingia kumwita mwenyewe.

Nilibaki kwenye benchi nimekumbatia mkoba wake, nikilia mbele za watu, na sikuona aibu.